Maziwa Safi na Moyo Safi: Je, Kilicho Halali Chatosha?



Ni vyakula vichache vinavyosifiwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja kama maziwa. Mmoja husema kwamba maziwa ni chakula kamili, na asiyeyanywa amejinyima nguvu za mwili. Mwingine husema kwamba maziwa ni chakula cha ndama, hayakuumbwa kwa ajili ya mtu mzima. Naye huwaonyesha watu ambao kila wanywapo bilauri moja, matumbo huwajaa hewa na kuwasokota. Katikati ya hao wawili amesimama Mwislamu, ajuaye kwamba Qurani Tukufu imeyataja maziwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Naye hujiuliza: Ikiwa maziwa ni neema, imekuwaje yamdhuru mtu? Na ikiwa yaweza kudhuru, imekuwaje yaitwe neema?

Swali hili lisidharauliwe kwa kuwa limeanzia tumboni. Waweza kuuliza swali lilo hilo juu ya mali, juu ya elimu, juu ya ulimi, na juu ya kila kipaji alichopewa mwanadamu. Basi tukilijibu vizuri kwa maziwa, huenda tukawa tumelijibu kwa mengine mengi.

Ishara iliyo katika kiwele

Katika Sura Nahl (16:67) Mwenyezi Mungu anatuelekeza tuwatazame wanyama wa kufugwa ili tupate mazingatio. Aya hiyo yatuonyesha mahali yanapotoka maziwa: upande mmoja ziko taka za tumbo, upande wa pili iko damu, na hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kuvinywa viwili hivyo. Lakini baina yake hutoka kinywaji kilichotakata, chenye kumpendeza mnywaji.

Elimu ya siku hizi imetueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Ng'ombe hula majani ambayo mwanadamu hawezi kuyameng'enya. Majani hayo huchachushwa na kuvunjwavunjwa katika tumbo lake kubwa na vijidudu visivyohesabika, kisha virutubishi vyake hupenya kuta za matumbo na kuingia katika damu. Damu huvichukua hadi kwenye kiwele, na humo chembe hai ndogo mno huchagua kinachohitajiwa na kukigeuza maziwa. Wataalamu hukisia kwamba ili ipatikane lita moja ya maziwa, damu ya kiasi cha lita 400 hadi 500 hupita katika kiwele. Na katika maziwa ya ng'ombe, sehemu 87 hivi katika kila 100 ni maji. Zinazobaki ni mafuta, protini, sukari ya maziwa na madini. Gramu 100 za maziwa huwa na kiasi cha miligramu 120 za kalisi, ambayo ndiyo hujenga mifupa na meno.

Hiyo ndiyo neema. Lakini msomaji asiishie kwenye aya hiyo moja. Aya inayofuata (16:68) inataja matunda ya mitende na mizabibu, na inasema kwamba kwayo watu hujipatia kileo, na kwayo pia hujipatia riziki iliyo njema. Tazama ajabu ya mpango huu. Mti ni mmoja na tunda ni moja, lakini njia ni mbili. Mmoja amelifanya tunda chakula cha watoto wake, na mwingine amelifanya kinywaji cha kumwondolea akili. Basi mara tu baada ya kutajiwa neema ya maziwa twafundishwa kwamba neema hupita mikononi mwa mwanadamu, na mikono hiyo yaweza kuitukuza au kuiharibu.

Ndiyo sababu Qurani Tukufu, inapowaamuru watu kula (2:169), haikutosheka na sharti moja. Imetaja mawili: kiwe halali, na kiwe tayyib. Halali ni hukumu ya sheria. Tayyib maana yake ni kilicho safi, chema na chenye kufaa. Chakula chaweza kuwa halali na bado kisiwe tayyib, kama nyama ya mnyama aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu kisha ikaachwa mpaka ikaoza. Basi mtu anayeuliza tu, "Je, ni halali?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: "Je, ni chema? Ni chema kwa nani, kwa kiasi gani, na kimefikaje mkononi mwangu?"

Matumbo hayakuumbwa sawa

Tuanze na wale wanaodhurika. Katika maziwa imo sukari iitwayo laktosi. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwili, ambacho kazi yake ni kuivunja sukari hiyo ili iingie katika damu. Kwa watu wengi kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Inakadiriwa kwamba katika kila watu wazima watatu duniani, wawili hawakimiliki tena kwa ukamilifu. Sukari isiyovunjwa huteremka hadi kwenye utumbo mpana, vijidudu huichachusha, na hapo ndipo hutokea hewa, msokoto na kuharisha. Huo si ugonjwa wa kuambukiza wala si laana. Ni jinsi mwili wa mtu huyo ulivyo.

Lakini kuna watu ambao nguvu hiyo hudumu nao maisha yao yote, hasa wale ambao wazee wao waliishi na mifugo kwa vizazi vingi. Mwaka 2007 ulitangazwa utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliowachunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Ulionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana uwezo huu kwa mabadiliko ya urithi yaliyo tofauti na yale ya watu wa Ulaya, na kwamba mabadiliko hayo yalitokea katika muda wa miaka elfu saba hivi iliyopita. Maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu hakuwapa watu wa bara moja peke yao, wengine wakaazima. Kila kaumu iliyoishi kwa maziwa ilipewa katika mwili wake mlango wake yenyewe.

Basi mtu wa pwani ambaye wazee wake walikula wali kwa nazi na samaki, asimdhanie Mmasai kuwa mlafi anapoimaliza kibuyu. Wala Mmasai asimdhanie mtu wa pwani kuwa dhaifu anapokataa kikombe. Na hapa tunao mfano mzuri wa Mtume Mtukufu s.a.w. Imepokewa katika Hadithi kwamba aliwekewa nyama ya kenge wa jangwani, naye akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid r.a. akamwuliza kama ni haramu. Mtume s.a.w. akajibu kwamba si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid r.a. akala, na Mtume s.a.w. akimtazama. Hakumharamishia mwenziwe kisichomfaa yeye, wala hakujilazimisha kula kwa kuwa ni halali. Lau sisi tungelishika adabu hii, ugomvi mwingi juu ya vyakula ungelikwisha.

Aidha, asiyeweza kunywa maziwa matamu hakufungiwa mlango. Yanapogeuka mtindi, vijidudu vyema vinavyoyagandisha hula sehemu ya sukari ile na kuifanya ukali. Ndiyo maana wengi wanaosumbuliwa na maziwa matamu huuvumilia mtindi. Samli haina sukari hiyo ila kidogo sana. Na kalisi hupatikana pia katika dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na katika baadhi ya mboga za majani. Maziwa ni mlango mmoja wa riziki, na milango ya Mwenyezi Mungu ni mingi.

Kwa upande wa pili, yule ambaye mwili wake wayapokea maziwa asidhani kwamba ameruhusiwa bila kipimo. Mwenyezi Mungu ameamuru watu wale na wanywe, lakini wasipite kiasi (7:32). Mafuta ya maziwa ni ya aina inayoweza kuongeza lehemu katika damu. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, na wenzake walitangaza kwamba waliwachunguza wanaume wa Kimasai waliokula maziwa na nyama kwa wingi, wakakuta lehemu yao ni ndogo na dalili za ugonjwa wa moyo ni haba. Mwaka 1972 akatangaza kwamba, katika Wamasai waliokufa, mishipa ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wengine, lakini ilikuwa imepanuka hata damu ikaweza kupita. Naye aliona sababu ni mwendo na kazi za maisha yao. Basi mtu anayekaa kitini kutwa, akapakia samli juu ya kila mkate na kujaza sukari katika chai ya maziwa, asijitetee kwa mfano wa Mmasai mpaka atembee kama Mmasai.

Haki ya mtoto mchanga

Sasa tufike mahali ambapo kosa juu ya maziwa huwa si msokoto wa tumbo tu, bali ni uhai na mauti.

Mwenyezi Mungu ameweka maziwa ya namna nyingi, na kila moja ameliweka kwa ajili ya mtoto wake. Maziwa ya ng'ombe yana protini na madini mengi kuliko ya mwanamke, kwa sababu ndama hukua upesi. Kwa figo za mtoto mchanga wa binadamu huo ni mzigo. Chuma kilichomo ni kidogo, na kwa watoto wengine maziwa hayo husababisha kutoka damu kidogo kidogo katika utumbo, hata mtoto akapungukiwa damu. Ndiyo maana matabibu hushauri kwamba maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla hajatimiza mwaka. Chakula kilekile kinachomwongezea nguvu mtoto wa miaka mitano chaweza kumdhoofisha mtoto wa miezi mitatu.

Qurani Tukufu (2:234) imetaja muda wa kunyonyesha kuwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza. Nalo Shirika la Afya Duniani leo lapendekeza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka miwili au zaidi. Baada ya kuzunguka sana, elimu ya wanadamu imerudi kwenye muda uliotajwa miaka elfu moja na mia nne iliyopita.

Lakini ilizunguka kwa gharama ya roho za watoto. Mwaka 1933 Dk. Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na kubadilika nywele na ngozi. Baadaye, mwaka 1935, aliutaja kwa jina la wenyeji wa kabila la Waga, ambalo kwetu limekuwa kwashiakoo. Wenyeji walikuwa wameujua kwa jina hilo kuwa ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Mwaka 1939, akiwa Singapore, mama huyo alitoa hotuba ambayo kichwa chake kiliunganisha neno maziwa na neno mauaji. Alikuwa ameona watoto wakifa kwa sababu wazazi wao walishawishiwa kuacha titi na kununua maziwa ya makopo.

Jinsi mauti hayo yanavyokuja ni rahisi kueleza. Kopo ni ghali. Mama maskini hulinyosha kwa kuzidisha maji, ili la wiki moja lifike wiki tatu. Maji yenyewe ni ya kisima kisicho salama, chupa haikuchemshwa, na mtoto huharisha. Wakati huohuo titi lisilonyonywa hukauka, na kurudi kwenye kunyonyesha huwa vigumu. Mama amefanya hayo kwa mapenzi, akiamini kwamba anampa mwanawe kilicho bora. Mwenye dhambi ni nani? Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya udanganyifu ya maziwa hayo. Nchi 118 zilikubali, tatu hazikupiga kura upande wowote, na moja peke yake, Marekani, ikakataa. Kura hiyo ilikiri kwamba kuuza kitu halali kwa namna ya kumpotosha mnunuzi ni dhuluma.

Tusiwalaumu akina mama ambao kwa ugonjwa au sababu nyingine hawawezi kunyonyesha. Aya ileile imeruhusu mtoto anyonyeshwe na mwingine, na Mtume wetu s.a.w. mwenyewe alinyonyeshwa na Bibi Halima. Aya hiyo imewataka wazazi wawili washauriane na kuridhiana kabla ya kumwachisha mtoto, na imemwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvika mama anayenyonyesha. Basi baba anayemwambia mkewe "mnyonyeshe mtoto vizuri," na yeye mwenyewe hana habari kama mke amekula, amesoma nusu ya aya.

Mbuzi wa Malta

Yuko mtu atakayesema: "Mimi nanunua maziwa kwa jirani yangu mwaminifu, ng'ombe wake namwona kwa macho, amenona. Nihofu nini?" Na asikilize kisa hiki.

Katika kisiwa cha Malta askari wa Uingereza na wenyeji walisumbuliwa miaka mingi na homa iliyokuja na kuondoka, ikiwaletea maumivu ya viungo na kuwalaza miezi. Mwaka 1887 tabibu wa jeshi, David Bruce, alitangaza kijidudu kinachoileta, lakini haikujulikana kinaingia mwilini kwa njia gani. Watu walidhani hewa, walidhani mavumbi. Mwaka 1905 tabibu wa Kimalta, Themistocles Zammit, aliwapima mbuzi waliokuwa wakikamuliwa milangoni mwa watu, akakuta ugonjwa umo ndani yao. Mbuzi walionekana wazima kabisa. Mwaka 1906 askari waliachishwa maziwa hayo mabichi, na homa ikapungua upesi miongoni mwao.

Hata wajuzi wakubwa walikosea katika jambo hili. Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alisema mjini London mwaka 1901 kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya kuhofiwa na mwanadamu. Tume ya Uingereza iliyofanya uchunguzi mpaka mwaka 1911 ilionyesha kwamba hatari ipo, hasa kwa watoto wanaokunywa maziwa mabichi. Kukosea si aibu kwa mwenye elimu. Aibu ni kuendelea baada ya kubainishiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chemsha maziwa. Viwandani maziwa hutiwa moto wa digrii 72 kwa sekunde 15, au digrii 63 kwa nusu saa. Nyumbani kwako yatosha yachemke mpaka yafure. Wako wanaosema kwamba moto huyaondolea nguvu. Ni kweli kwamba baadhi ya vitamini hupungua kidogo, lakini protini na kalisi hubaki. Na anayependa mtindi ayachemshe kwanza, yapoe, kisha ayagandishe kwa mtindi safi wa jana. Maana ukali wa mtindi peke yake si kinga ya kutegemewa. Kufanya hivyo si upungufu wa tawakali. Mtume Mtukufu s.a.w. alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Kipimo kisichodanganyika

Tumebakiwa na sharti lililo gumu kuliko yote, nalo ni uaminifu wa yule ambaye maziwa yanapita mikononi mwake.

Inasimuliwa kwamba Hadhrat Umar r.a., akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akimwamuru binti yake achanganye maziwa na maji kabla ya kuyapeleka sokoni. Binti akamkumbusha kwamba Khalifa amekataza. Mama akasema kwamba Umar hayuko hapo kuwaona. Binti akajibu kwamba ikiwa Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Hadhrat Umar r.a. akampendelea mwanawe Asim amwoe binti huyo, na katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdul Aziz, mtawala aliyesifika kwa uadilifu.

Wengi husoma kisa hiki kama hadithi ya zamani. Lakini tazama mambo yalivyo leo. Kimetengenezwa chombo cha kioo kinachoelea katika maziwa ili kuonyesha kama yametiwa maji. Mara mdanganyifu akajifunza kutia sukari au unga ili uzito urudi na chombo kinyamaze. Viwanda vikaamua kupima protini kwa kupima naitrojeni iliyomo. Mdanganyifu akatafuta dawa ya viwandani iitwayo melamini, yenye naitrojeni nyingi, akaitia katika maziwa yaliyozimuliwa kwa maji. Mwaka 2008 nchini China watoto wapatao 300,000 waliugua kwa sababu hiyo; wengi waliota mawe katika figo, na sita wakafa. Kipimo kilikuwa cha kisayansi, na kilisema kwamba maziwa ni mazuri. Kila kipimo alichokitengeneza mwanadamu kimepata mwanadamu wa kukidanganya. Kipimo cha binti yule wa Madina peke yake ndicho kisichodanganyika.

Na usidhani kwamba mtihani huu uko China tu. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili anapomtibu mmoja kwa sindano, huambiwa na bwana mifugo kwamba maziwa ya siku kadhaa yasiuzwe, maana dawa bado imo. Siku hizo watoto wake wanangoja ada ya shule. Maziwa ni meupe kama ya jana, yananukia kama ya jana, na mnunuzi hawezi kujua. Hapo mtu yuko peke yake na Mola wake. Akiyamwaga, hakuna gazeti litakaloandika habari zake, lakini ameswali swala ambayo wengi hawaiwezi. Akiyauza, amelitia sumu ndogo tumbo la mtoto asiyemjua, na amesaidia vijidudu kuzizoea dawa zitakazohitajiwa kesho na watoto wake mwenyewe. Mtume Mtukufu s.a.w. alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini yake, alitangaza kwamba mdanganyifu hana uhusiano naye. Ni nani kati yetu atakayeweza kulistahimili neno hilo Siku ya Kiyama kwa ajili ya kopo moja la maji?

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Anayepigania bei mpaka mfugaji asipate hata ya majani ya ng'ombe, ndiye anayeinunua hila kabla haijatendwa. Tena mnyama ana haki yake: imepokewa kwamba Mtume s.a.w. alimwagiza mkamuaji abakize kitu katika kiwele. Ndama pia ni mja wa Mwenyezi Mungu, na ndiye aliyeandikiwa maziwa hayo kabla yetu.

Chakula na tabia

Mwezi Desemba 1896, katika mkutano wa dini mbalimbali uliofanyika Lahore, ilisomwa hotuba mashuhuri ya Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa. Humo alieleza kwamba hali za mwili zina athari juu ya roho, na kwamba vyakula navyo huathiri tabia. Hivyo Uislamu hukataza kuegemea upande mmoja katika ulaji, na huamuru kiasi. Alieleza pia jambo ambalo ndilo ufunguo wa swali letu. Alifundisha kwamba silika za mwanadamu, kama upole au ghadhabu, zenyewe bado si tabia njema wala mbaya. Huwa tabia njema pale zinapotumiwa kwa akili, mahali pake na wakati wake.

Ikiwa ndivyo ilivyo kwa silika za nafsi, basi ndivyo ilivyo kwa vitu tulivyopewa kula. Maziwa yanapotoka kiweleni ni kipaji kilichotakata. Wema wake kwetu haukamiliki mpaka yamfikie anayefaa kuyanywa, kwa kiasi kinachomfaa, yakiwa yamehifadhiwa na elimu, yakipita katika mikono yenye hofu ya Mwenyezi Mungu. Yakimfikia mtoto mchanga kabla ya wakati wake, yanamdhuru. Yakinywewa mabichi kwa ujinga, yanaleta homa. Yakiuzwa kwa hila, yanaua. Katika yote hayo maziwa hayakuacha kuwa neema. Sisi ndio tulioacha kuwa waaminifu wa neema.

Katika usiku wa safari ya kiroho Mtume Mtukufu s.a.w. aliletewa vyombo, kimoja cha maziwa na kimoja cha mvinyo, naye akachagua maziwa, akaambiwa kwamba amechagua maumbile safi. Na katika sifa za Pepo (47:16) imetajwa mito ya maziwa ambayo ladha yake haigeuki. Maziwa ya dunia hii hugeuka katika muda wa saa chache: joto huyachachusha, uchafu huyaoza, na tamaa ya mtu huyazimua. Basi muda huo mfupi, tangu yatoke kiweleni mpaka yafike kikombeni, ndio tuliokabidhiwa sisi kuulinda. Na anayetamani kunywa kesho katika mto usiogeuka, ailinde leo amana ya kikombe kinachogeuka.

Mwenyezi Mungu atujalie riziki iliyo halali na njema, atubariki katika maziwa tunywayo na atuzidishie, awalinde watoto wetu na kila madhara, na aitakase mioyo yetu na hila, kama alivyoyatakasa maziwa baina ya taka na damu. Amin.